Breki Mpya za Ukuta

— Gari lisiloweza kusimama ni gari, au ni jiwe lililovishwa tairi?

Swali hilo Redio alimrushia Ukuta usoni, kikombe cha kahawa hata hakijafika mdomoni. Redio alikuwa karani mstaafu. Habari zote alizisikia, chache alizielewa. Ukuta alikaa kwenye ncha ya benchi la kijiwe cha kahawa, akilitazama gari lake kuukuu la kubebea mikate, lile lenye mbavu za bati na taa za mviringo, limeinuliwa juu ya vigogo mbele ya karakana ng'ambo ya barabara. Miaka tisa iliyopita alikanyaga breki asimgonge mbuzi, gari likamvuta kulia, likaingia kwenye ukuta wa kinyozi. Mbuzi alipona. Jina la dereva halikupona: tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Ukuta, naye hajashika usukani tena. Sasa binti yake, fundi wa kusomea na wa kuchafuka, alikuwa anaondoa breki za dramu kwenye magurudumu ya mbele na kufunga za diski. Na alishasema: likimalizika, atakayelishusha mteremkoni ni baba, si mwingine.

— Mwache mwenzio anywe, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. Mimi niliyegongwa nimenyamaza.

— Na ufa wako mbona huuzibi?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta ninao tayari, nizibe wa nini?

Aliyecheka ni mmoja tu, mwenyewe. Kando yake Mzee Dawa Ndogo, fundi aliyestaafu, alikoroga kahawa isiyo na sukari. Jina alilipata kwa kauli yake: hata injini ikitoa moshi mweusi kama jiko la kuni, atakuambia hii dawa yake ndogo. Leo hakuwa ameambia mtu lolote.

Binti akatundika diski mahali pake, akaizungusha kwa kidole kimoja. Ikazunguka bila mlio, inang'aa, inarusha vipande vya jua juu ya kuta, juu ya vikombe, juu ya nyuso za wazee wazima. Benchi lile halijawahi kunyamaza hata msibani. Lilinyamaza.

— Mama yangu! Wembe alinong'ona. Chuma kinazunguka kama kimeota hapo hapo.

— Fundi, mwanangu, Redio aliita, ile ya zamani ilikuwa na kosa gani?

— Ile ni sufuria lenye kifuniko, baba mkubwa, binti alijibu bila kugeuka. Viatu vya breki vinatanuka humo ndani, vinasugua gizani. Ukishuka mlima mrefu inapata moto, inalegea, na wewe huoni kitu. Hii iko nje. Pedi mbili zinaibana huku na huku, kama mwalimu aliyeshika sikio la mtoro. Joto linakwenda na upepo.

— Wahenga walisema! Redio alipiga paja. Ngoma ikivuma sana hupasuka!

— Dramu hii haikupasuka, Wembe alimkumbusha.

— Kwa sababu haikuvuma. Si mnaona wahenga walivyo?

Ukuta alikuwa hasikii. Alikuwa anatazama mikono ya binti yake. Mikono ile alipata kuiosha yeye, ndani ya beseni, ikiwa haijatosha kushika kijiko. Leo inafunga chuma na chuma kinakubali kama kimeamriwa. Mtoto huyu amelijuaje gari kuliko mimi niliyelala ndani yake?

— Baba! Njoo unikanyagie pedali, nitoe upepo kwenye mafuta ya breki.

Ukuta akainuka. Hatua za kuvuka barabara ni kumi na mbili; zilimchukua muda wa mtu anayekwenda kuposa. Wenzake, watu wasiokubali kupitwa, wakabeba benchi, vikombe na birika wakamfuata. Akapanda. Kiti kilikuwa bado kina shimo lake.

— Kanyaga. Shikilia. Achia. Tena.

Upande wa kulia mafuta yalitoka na mapovu, kisha safi. Redio akapiga makofi. Binti akahamia kushoto.

— Kanyaga. Shikilia.

Kukavu. Tena. Kukavu kama kisigino.

— Pampu inasukuma, binti alisema kwa sauti ya kujihesabia. Mipira mipya. Diski mpya. Paipu za chuma tu ndizo za zamani.

— Ni kiharusi, Wembe alitamka. Gari nalo hupooza upande mmoja. Shangazi yangu alianza hivyo hivyo.

— Kiharusi gani! Mafuta ni kitu kizito, yanamfuata dereva. Yeye amekaa kulia, yamekwenda kulia.

— Basi dereva akakae kushoto.

— Hata haitasaidia. Dunia yenyewe inazungukia upande mmoja. Nilisikia kwa masikio yangu, maji yote ya dunia...

— Acha dunia, Redio! Ni ukuta wangu. Kulia ndiko kulikouonja. Kushoto kuna wivu.

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Ndani ya gari, Ukuta alisikia kila neno. Ni lile lile la siku ya mbuzi, gari limemkataa mbele za watu. Aliondoa mguu kwenye pedali, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

— Mwanangu, liuze chuma chakavu.

— Baba.

— Liuze. Umefanya kazi nzuri sana. Kasoro ni mimi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu, mkoba begani, amekuja kumtafuta kinyozi na kumkuta kijiweni.

— Samahanini, mimi magari siyajui, alisema. Huko kushoto, mara ya mwisho mafuta yalipita lini?

Binti akamtazama baba yake. Baba akamtazama Dawa Ndogo, kwa kuwa breki zile hazikuwahi kuguswa na mkono mwingine. Na ni Dawa Ndogo huyo huyo aliyetoka uvunguni siku ya ajali, akafuta mikono na kuutangazia umati: breki nzima, kasoro ni dereva.

— Fuata paipu ya kushoto, mzee alisema polepole. Nyuma ya gurudumu kuna kiungo kimezibwa na grisi kavu. Kifungue.

Binti akaingia uvunguni. Spana ikalia mara mbili. Kitu kikamdondokea kiganjani, akatoka nacho: gololi ya baiskeli, ndogo kama punje ya mtama. Nyuma yake mafuta yakaanza kudondoka, tone, tone, kisha mchirizi. Wembe alivua kofia.

— Kidude hiki? Hiki kimeshika gari zima?

— Umejuaje, babu? binti aliuliza.

Dawa Ndogo aliweka kikombe chini.

— Kushoto kulikuwa kunavuja, na kipuri sikuwa nacho. Nikaziba. Nikamwambia baba yako gari litamfikisha nyumbani, kesho arudi. Nilichoziba sikumwambia. Kesho hakurudi, na mimi sikumfuata. Miezi miwili baadaye akakutana na mbuzi, na mimi nikaogopa.

Akasogea hadi dirishani, akashika mlango wa gari kwa mikono miwili.

— Bwana dereva, ukuta ule hukuugonga wewe. Niliugonga mimi.