Siku Niliyotoka Kwenye Alama za Lori la Mbele

Ndugu zangu, nitaongea nikiwa nimekaa. Huu mguu bado haujakubali.

Mnanijua. Nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Lori nilijifundisha kuendesha mwenyewe, hata kusoma nilijifunza kwa maandishi ya magunia. Kanisani nilikuja, ndiyo, lakini tegemeo langu lilikuwa hii mikono na lile lori.

Sasa, njia ya Masalani mnaijua tangu vita hii ya shifta, hawa waasi wa Kisomali, ianze. Tunaenda kwa msafara na askari, na kila dereva anakanyaga alama za lori la mbele, kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Siku ile vumbi lilinichosha. Nikatukana, nikatoka pembeni nimpite mwenzangu.

Bomu likalipuka. Risasi nazo zikaanza, msafara ukakimbia. Walidhani nimekufa, siwalaumu.

Lori linaungua, mimi nimerushwa nje, mguu umevunjika. Nawaambia, nilitafuta kitu cha kushika, nikakosa. Nikasema kwa sauti ndogo, mimi huyu wa makelele: "Mungu, sasa ni wewe peke yako." Moyo ukatulia kama umekaa juu ya mwamba.

Baadaye akaja mzee mfugaji, Msomali, na ngamia wake. Nikafumba macho, nikajua nimekwisha. Akanipa kibuyu cha maziwa.

"Kunywa, bwana. Wewe naogoba mimi? Mimi ndio naogoba! Wewe nakufa hapa, askari nasema mimi nimeua."

Akanifunga juu ya ngamia. Njiani nikapiga kelele kwa maumivu.

"Wallahi," akasema, "lori yako ilikuwa na kelele hifi hifi?"

Kufika kizuizi cha Garissa, askari wakamkamata. "Shifta huyu!" wakasema. Nikajiangusha chini, nikashika kikoi chake. "Hospitali siendi mpaka huyu mzee aachiliwe." Zamani ningetukana. Siku hiyo nilirudia hayo tu, polepole, mpaka mkubwa wao akachoka, akamwachilia. Ule upole haukuwa wangu, ndugu zangu. Alinipa Mungu.

Asanteni mlioniletea uji hospitalini. Na nyinyi mtegemeeni Mungu mkiwa bado mmesimama. Mimi nilingoja mpaka nikaanguka.

Yule mzee yuko nje, kwenye kivuli cha ukuta. Ni Mwislamu, anasema atangoja nimalize kuongea, na anajua atangoja sana. Mkitoka, msalimieni. Atakayemwita shifta akumbuke: nimeokoka, lakini mguu mmoja bado ni mzima.