Mtoto wa Kuazima

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeomba nisimame hapa mbele, mbali na mlango, maana miguu yangu naijua.

Ndugu zangu wa jumuiya, nyie mnanisifia kwamba napenda watoto. Kila Jumamosi nikifika, kabla sijakaa, nishamchukua mtoto wa mama mmoja nimempakata. Mama huyo yupo hapa, simtaji. Leo nawaambia ukweli: nilikuwa najificha nyuma ya yule mtoto. Aliyepakata mtoto hapewi Biblia asome. Na akilala, nilikuwa namwamsha taratibu alie, nipate sababu ya kutoka naye nje. Mama, nisamehe.

Mimi kusoma kunanishinda. Nimezaliwa Kibaoni, kwa wakulima wa mpunga, na kidato cha nne nilimaliza kwa masikio. Mwalimu akisema kitu mara moja, kwangu kimekaa. Lakini ukurasa nikiuangalia, mistari inapandana, neno moja narudia na kurudia na bado silijui. Nilipoingia chuo cha kilimo hapa Mpanda, masikio peke yake hayakutosha. Shambani nilikuwa mbele ya wenzangu, nionyeshe jani la muhindi nakwambia linaumwa nini. Kwenye karatasi, wenzangu wanakusanya, mimi bado napambana na swali la pili.

Nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Nikarudia mwaka, nikapata sapu tena. Mwalimu mmoja akanisimamisha mbele ya darasa, "Wewe binti ni mvivu. Nenda kaolewe." Baba akasema kuna mwanaume ananipotezea akili mjini. Mama yangu mzazi, maskini, akaninunulia miwani. Niliivaa ili asihuzunike, na mistari ikaendelea kupandana vilevile, ila sasa ilikuwa mikubwa zaidi. Nacheka sasa hivi, siku zile sikucheka. Nilifunga, nikasali, nikamuuliza Mungu kwa nini kaninyima akili halafu kanipa hamu ya kusoma. Ndugu zangu, nilikuwa nalala nikiomba nisiamke. Sipambi maneno. Hamkujua kwa sababu mbele yenu nilikuwa nacheka na mtoto.

Ikabaki sapu ya mwisho. Nikifeli hiyo nimedisko, chuo kimeniondoa, nachukua begi langu narudi Kibaoni. Na Jumamosi ile yule mama akaja peke yake, mtoto kamwacha kwa bibi yake kule Mwamkulu. Nikakaa mikono mitupu. Mwenyekiti, bila ubaya wowote, akaniletea Biblia. "Msomi wetu wa chuo, leo utusomee Injili."

Mnakumbuka. Nilisimama, nikakodolea macho ukurasa, nikaisema Injili yote mpaka mwisho bila kukwama. Halafu mtu mmoja akacheka, maana ile ilikuwa Injili ya wiki iliyopita. Nikaacha Biblia kwenye kiti nikatoka mbio.

Yule mama akanifuata, akanikuta nyuma ya nyumba. Nilidhani atanipa pole.

"Ile Injili uliikariri nyumbani?"

"Hapana, mama. Niliisikia tu hapa."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Akaniangalia. "Na mwanangu unampakata ili usipewe Biblia?"

Nikalia kama niliyefiwa. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Basi wewe siyo mjinga. Una shida, na chuo lazima waijue. Jumatatu tunaenda wote."

Tukaenda. Yule mwalimu wa "kaolewe" akasema kila anayefeli ana sababu zake. Mwalimu mwingine, wa somo la udongo, akatukaribisha tukae. Akachukua mtihani nilioufeli, akaniuliza maswali kwa mdomo, nikamjibu moja baada ya lingine. Akashika kichwa. Kumbe shida yangu ina jina, na siko peke yangu. Akanipeleka nikapimwe, akabishana na ofisi mpaka nikapewa muda wa ziada na mtu wa kunisomea maswali. Na huyu mama akawa ananisomea notsi huku tunachambua mchele. Kiingereza anakitamka kama Kipimbwe, lugha ya kwetu, lakini nilielewa.

Sapu nilifaulu. Sijapona, wala siyo ugonjwa wa kupona. Kuna siku hofu ile inarudi, najifungia chumbani.

Mwalimu wangu, popote ulipo, asante. Mama, sina cha kukulipa. Na nyie wenye vijana vyuoni, kijana akifeli, kabla hujamwita mvivu, kaa naye. Msomee. Muulize kwa mdomo. Huenda anajua yote na hana pa kuyatolea.

Leo mmeona mtoto yuko kwa mama yake. Mwenyekiti, naomba hiyo Biblia, Injili ya leo ni zamu yangu. Nitasoma polepole, na nitakwama. Nikikwama, nawaombeni nyie wote, mtu asinimalizie.