Mbuni Mmoja wa Manjano

Benchi la kijiweni lilikaa kibarazani mwa duka la Fundi Kesho, mguu mmoja ukiwa tofali, na yeyote aliyewahi upande wa tofali alijiona mwenyekiti wa siku hiyo. Jina la Kesho fundi hakupewa na mama yake. Alijipatia mwenyewe, kwa kumwambia kila aliyefuata suruali yake, "Pita kesho." Lakini leo alikuwa ameapa. Bendera mpya ya halmashauri, halmashauri ya wakulima isiyo na hata taa moja ya barabarani, ilikuwa ipandishwe saa tisa alasiri, na karani angeifuata saa nane. Asubuhi mkewe alimwambia huku anafagia, bila kuinua uso, "Leo ukimwambia mtu kesho, na mimi kupika ni kesho." Na mama yule hakuwa na utani na sufuria. Sasa ilishapita saa nne. Cherehani imetiwa mafuta, kitambaa cha manjano kiko mezani, kipande kimoja tu, na mkasi bado haujakigusa. Kilichomkwamisha ni neno moja.

— Hebu soma tena, alisema Nukta, mwalimu mstaafu, aliyekalia upande wa tofali.

Fundi akasoma barua ya halmashauri:

— "Bendera iwe ya kijani. Katikati ngao nyeusi ya mviringo. Ndani ya ngao, mbuni mmoja mkubwa, mrefu, wa manjano." Haya, niambieni. Mbuni ndege au mbuni mti?

— Mti, alisema Shangazi, muuza kahawa, akimjazia Nukta kikombe. — Buni hutoka wapi? Mtu ana kahawa mdomoni, halafu anauliza mbuni ni nini.

— Hapa kahawa hailimwi, Shangazi, alisema Breki, aliyeendesha lori miaka ishirini na bado hukaa mikono yake ikiwa kama imeshika usukani.

— Na huyo ndege wako anataga hapa?

— Hatagi, ila mimi nimeshindana naye. Niko gia ya nne, na mzigo wa saruji, jamaa ananipita. Tena kabla ya kupita akanyoosha bawa la kulia, kama indiketa. Ndege mwenye adabu ya barabara namna ile lazima awekwe kwenye bendera.

Nukta akavaa miwani, akavuta barua.

— Acheni porojo. Sarufi haidanganyi. Nipate kitenzi kimoja tu. "Amesimama" ni ndege, "umesimama" ni mti. Akapitisha kidole mstari hadi mstari. — Mmoja. Ndege mmoja, mti mmoja. Mkubwa, kotekote. Mrefu, vilevile. "Wa manjano", hali kadhalika. Akavua miwani. — Miaka thelathini na mmoja nimefundisha ngeli, sijapata kuona kiumbe kikajificha ndani yake hivi.

— Kwani si uende ukaulize? Shangazi alimwuliza Fundi.

Fundi akaushika mkasi, akauweka. Barua alikuwa nayo siku ya tisa leo. Juzi karani alipopiga simu, Fundi alimwambia bendera imebaki kupigwa pasi tu. Sasa kitu kilichobaki kupigwa pasi utaanzaje kuuliza kina sura gani?

— Shona ndege, alisema Breki. — Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Ndege gani anangojewa chini? Mbuni. Haruki.

— Methali hiyo haihusiani kabisa.

— Inahusiana, Mwalimu. Yuko chini au hayuko chini? Halafu kuna siri hamuijui. Majirani zetu waliweka ng'ombe kwenye ngao yao, mwaka uleule wakajengewa josho. Serikali huleta kinachochorwa. Ukiweka mti utaletewa nini? Kivuli.

— Basi tuweke daraja, alisema Shangazi. — Masika nabeba birika kichwani navuka mto kwa magoti.

Nukta hakucheka. Alikuwa anaitazama barua kama mtu aliyeona nyoka kwenye majani.

— Jamani, kuna mbuni wa tatu. Mbuni ni mwenye kubuni. Hii bendera kaibuni nani?

— Mwenyekiti wa halmashauri, alisema Fundi.

— Mmoja?

— Tunaye mmoja.

— Mkubwa, kwa cheo. Mrefu?

— Akija hapa anainama mlangoni.

— Wa manjano?

Benchi zima likamgeukia Fundi. Kisha Shangazi akasema polepole:

— Mwaka juzi aliugua ini. Macho yalikuwa ya manjano kabisa. Nilimpelekea uji mwenyewe.

Fundi akapiga hesabu. Kumkosea ndege ni kitu kidogo, mti nao hauna kinywa. Lakini ukimkosea mwenyekiti, tenda ya sare za shule utaisikia kwa wenzako. Saa saba ikagonga. Nyuma ya pazia, upande wa nyumbani, kitunguu kikaanza kunukia, na harufu hiyo ndiyo iliyomtia ujasiri. Akakata.

Juu akatanua: majani, au manyoya, au kofia. Katikati akabana: shina, shingo, au mtu aliyekaza mkanda. Chini akatanua tena: mizizi, kucha, au viatu. Akashona, akapiga pasi, akaitandaza kwenye meza.

— Si nilisema ndege? alisema Breki.

— Mti huo, mwanangu, na umezaa.

— Ni yeye, alisema Nukta kwa sauti ndogo. — Hata kofia kaipatia.

Fundi alifurahi mpaka akaona haya. Tangu aanze kazi, hajawahi kumaliza kabla ya mteja kufika.

Saa nane juu ya alama karani akafika kwa baiskeli, kamba begani.

— Umenishangaza leo, Fundi. Nilibeba na gazeti la kusubiria. Akaishika bendera, akapapasa mishono. — Kazi safi. Akaigeuza. Akaigeuza tena. — Sasa nitie kamba wapi? Juu ni wapi?

Breki akamtazama Nukta. Nukta akavaa miwani, akaivua. Shangazi akainamisha birika, halikutoa hata tone. Fundi akaizungusha bendera mara mbili, na mara zote mbili ikamtazama vilevile.

— Juu? aliuliza.

— Ndiyo, juu. Watu wameshapanga mstari.

Fundi akairudisha bendera mezani. Alijua njia moja tu ya kutoka kwenye swali la mteja, na mdomo ukaishika kabla yeye hajauzuia.

— Hilo la juu, dada yangu, pita kesho.

Nyuma ya pazia, akasikia maji yakimiminwa kwenye mkaa.