Sahani za Kumwona Mgonjwa

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa Junda. Mwaniona nimesimama? Mwaka jana mngenisikiliza nimekaa kitini kama bibi harusi.

Magoti yalianza kidogo kidogo. Nikiinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi, yanalia, mimi nacheka. Kisha yakafura. Ngazi zikanishinda, na sijida ikanishinda. Ndugu zangu, nawaambia, siku ya kwanza kuswali kitini nililia hadi mtandio ukaloa.

Nikaamua kuyapumzisha. Nanyi mwajua desturi yetu: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Huyu kaleta pilau, huyu mkate wa sinia, huyu mahamri na mbaazi. Mimi nimekaa tu, nala. Nikazidi kunenepa, na maumivu yakazidi. Nikajua kilichobaki ni kisu.

Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alinibonyeza paja. "Mama, sikufichi, goti limelika ndani na halitarudi kuwa jipya. Lakini misuli hii imelala kwa kukaa, na mzigo umeongezeka. Tuiamshe, tupunguze mzigo, kisha ndipo tufikirie upasuaji."

Mazoezi hayakuwa kazi: kaa kitini, nyoosha mguu, ushikilie, ushushe polepole. Kazi ilikuwa kukataa sahani! Nilipomrudishia jirani yangu bakuli lake la biriani, alikasirika.

"Kwani nimekutilia sumu?"

"La, wallahi. Nataka kusujudu, dadangu."

Akalibeba bakuli lake, akaenda zake. Nikadhani nimempoteza. Kesho yake asubuhi, hodi! Yuaja mikono mitupu.

"Vaa buibui twende," akasema. "Leo nimekuletea miguu."

Tukatembea hadi mwisho wa mtaa, nami namlaani kimoyomoyo. Kesho tena. Wali nikaupunguza, samaki wa kukaanga akawa wa kuchoma, sukari ya chai nikaiaga kwa majonzi. Uzito ukashuka, haba na haba. Goti bado hunikumbusha siku nyingine, siwadanganyi. Lakini Ramadhani iliyopita paji langu liligusa mkeka, na sikutaka kuinuka.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada wa hospitali, na huyo jirani simtaji, ila yuko hapa anajificha kwa mtandio. Mkienda kumwona mwenye magoti, tafadhalini, sahani ziacheni nyumbani. Mtoeni nje, mtembee naye.

Kile kiti changu cha kuswalia kiko pale mlangoni. Anayekihitaji akichukue bila haya. Akipata nafuu inshallah, akirudishe, tumpe mwingine.