Filamu Iliyochelewa Kufika Nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Baba Paroko, Shehe wetu, Waheshimiwa Madiwani, wazee wa Mlabani, na ninyi mliotoka Kiberege, Mkula na ng'ambo ya mto, wasanii wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Wazee wangu, shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Kwa wasionifahamu, mimi naitwa Tekla. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na baada ya kustaafu nikawa mama wa watu wengi ambao sikuwazaa. Nimekuwa mama wa mwizi, mama wa bwana harusi, mama wa diwani aliyeshindwa uchaguzi. Waheshimiwa msishtuke, ni kwenye maigizo. Aliyenifanya hivyo ni marehemu Remigius Lipangile, ambaye leo kwa mara ya kwanza filamu yake inaonyeshwa hapa Ifakara, baada ya kuonyeshwa Dar es Salaam, Kigali, Mwanza, na hata Ujerumani, ambako mimi mwenyewe sijafika ila uso wangu umefika.

Nimeombwa nieleze kwa nini filamu iliyotengenezwa Kiberege ilizunguka kote huko kabla ya kufika hapa. Nitaeleza. Na kabla sijaanza, mjue kwamba Mzee Severini Lipangile, baba wa marehemu, aliyeketi hapa mbele, ndiye aliyenituma niyaseme nitakayoyasema. Jana aliniambia, "Sema yote, Mwalimu. Ulimi wangu mzito." Kwa hiyo asije mtu akanyanyuka hapa akasema Tekla amemvunjia heshima mzee wa watu.

Ndugu zangu, Remigius alinikuta uani kwangu naanua mpunga, mvua inakuja. Kijana mwembamba, kalamu imechomekwa sikioni kama fundi seremala. Alinisaidia kuanua kwanza, kisha ndipo akasema kilichomleta. Alisema anatafuta mama. Nikamuuliza wa kwake yuko wapi. Akajibu kwamba wa kwake tumemzika mwaka jana, na sasa ameandika igizo ambalo hawezi kumpa mwigizaji kijana aliyepakwa unga kichwani ili aonekane mzee.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa maigizo yake mafupi. Aliyaigiza siku za gulio Kiberege, akayaigiza sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, akayaigiza hata stendi. Mbona mafupi? Watu walimuuliza hivyo, na wengine walimuuliza swali baya zaidi, kwamba kijana, kazi yako hasa ni ipi? Yeye alisema mtu wa gulioni ana mzigo kichwani na gari linamsubiri. Ukimfanya asimame mpaka asahau mzigo wake, umemaliza, usimcheleweshe. Na kweli, ni nani hapa hakuwahi kucheka akiwa na debe kichwani, kisha akajikuta njiani kuelekea nyumbani analia, hajui kicheko kile kiligeuka saa ngapi?

Sasa igizo lile aliloniletea liliitwa Mlango wa Uani. Hadithi yenyewe ni fupi. Binti anapata mimba akiwa shuleni. Baba anamfukuza. Mama hana la kusema mbele ya mume wake, lakini tangu siku hiyo kila jioni, watu wote wakishaingia ndani, anaacha mlango wa uani bila komeo. Hivyo tu. Miaka inapita, mama anazeeka, mlango haufungwi.

Nilipomaliza kusoma nikamuuliza kama ameitunga. Akasema hapana. Binti yule ni dada yake, Restuta. Yeye Remigius alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hayajaota vizuri, lakini alimwona dada yake akipita katikati ya mashamba ya mpunga na kifurushi, na akamwona mama yao, marehemu Digna, akisimama uani mpaka binti akawa nukta. Restuta alipokelewa na familia moja ya Wasukuma waliokuwa wakihama na ng'ombe zao. Baada ya hapo hakuna aliyejua alipo. Mama Digna alifariki akiwa hajui kama mwanawe ni hai au ni mfu.

Remigius hakutaka kumfanyia baba yake jambo hilo kisirisiri. Alikwenda Kiberege, akamsomea igizo lote, mwanzo mpaka mwisho, wawili tu barazani. Mzee alimsikiliza. Alipomaliza, Mzee alitamka neno moja lililokuja kuwa sheria yetu: "Andika unavyotaka. Lakini hapa Kilombero isionekane nikiwa hai."

Ndugu wageni waalikwa, hapo ndipo penye jibu la lile swali. Tulipogeuza igizo kuwa filamu fupi, tulipiga picha katika nyumba ileile ya Kiberege, Mzee akiwa amekwenda kwa ndugu zake Mahenge, kwa makubaliano. Remigius alinivalisha kitenge cha mama yake mwenyewe. Nilimwambia mwanangu, kitenge hiki ni cha marehemu, nitakivaaje? Akasema, "Mwalimu, hakuna mwingine atakayejua kukivaa." Filamu ikatoka. Tamasha la Dar es Salaam likaichukua, Kigali wakaiita, wageni wakasimama wakapiga makofi, na Remigius akirudi kutoka huko anashuka stendi yetu hapa, anapita mbele ya watu wake, na hakuna hata mmoja anayejua kijana huyu ametoka kufanya nini. Vijana wa kikundi walimsihi aionyeshe hata kwa siri, kwenye simu tu. Alikataa. Alisema baba yake ni baba yake.

Je, hamjiulizi ilikuwaje kwake? Kusifiwa na watu wasiokujua, na kunyamaza mbele ya wanaokujua? Mimi nilimwona. Kilimuuma. Hakulalamika.

Kisha yakamfika maradhi ya figo. Alikuwa akienda Dar es Salaam kusafishwa damu, anarudi anaandika, anakwenda tena, mpaka safari zikamshinda, akarudishwa hapa Ifakara, akalazwa. Ndipo ukaja mwaliko wa tamasha la Mwanza. Alinishika mkono pale kitandani, akasema niende mimi, kwa kuwa filamu haiwezi kusafiri kama yatima. Nikaenda.

Naomba hapa mnivumilie, sauti yangu ikikwama msinipigie makofi. Mniache tu.

Filamu ikaonyeshwa mchana katika ukumbi uliojaa. Nyuma kabisa, mlangoni, walisimama akina mama waliopika chakula cha wageni. Walikuja kutuita tukale, wakakuta picha bado inakwenda, wakangoja. Kuna mahali, mtaona wenyewe, mama anasimama uani na kumwita binti yake kwa Kipogoro, kwa jina la nyumbani ambalo Remigius alilikumbuka tangu utotoni. Nilipoita kwenye picha, nikasikia nyuma yangu chupa ya chai imeanguka. Watu waligeuka, wakaguna, wakarudi kwenye picha.

Taa zilipowashwa, mmoja wa wale akina mama alikuja mpaka mbele. Aproni imelowa chai. Aliinama akaniamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kile kitenge ulichovaa kwenye picha, ulikipata wapi?"

Nikamwambia nilipewa na Remigius, mwenye filamu. Ni cha mama yake. Akanitazama. Mimi nami nikamtazama, na wallahi nikaiona pua ya Remigius katika uso wa mtu mwingine.

"Mama mzima?" akauliza.

Ndugu zangu, nimefundisha watoto maisha yangu yote, nimewapelekea wazazi habari za kila namna. Siku ile nilitamani niwe bubu. Nikamwambia, "Mama alitangulia, mwanangu." Hakupiga yowe. Alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Basi niliyemwona pale alikuwa ni wewe."

Nilikaa naye pale chini. Niliyeombwa kuwa mama wa filamu, nikamshika kichwa kama mama.

Tulimpigia Remigius simu. Wauguzi walimshikia, mikono yake ilikuwa haina nguvu tena. Nilidhani watalia. Remigius alimuuliza tu, "Dada, umeiona?" Restuta akasema ameiona, lakini Remigius amekosea; yeye hakuondoka na gauni jekundu, lilikuwa la bluu. Yule kijana alicheka mpaka akapaliwa. Akasema atarekebisha. Akamwambia njoo, dada. Akamwambia na mlango ule, mama hakuuweka komeo hata siku moja, hilo sikulitunga.

Tukaondoka Mwanza pamoja. Safari ni ndefu, mnaijua. Morogoro tukabadili gari, Mikumi tukapita, Kidatu tukapita, na tulipofika Mkula, kwangu kabisa, simu yangu ikaita. Sikuhitaji kumwambia Restuta ni nini. Alikuwa ananitazama mdomo. Remigius alikuwa amefariki, na sisi tuko barabara moja na kitanda chake.

Gari likasimama Kiberege kushusha abiria. Restuta alichungulia dirishani. Pale pale kuna njia ya kwenda kwao, njia aliyotokea akiwa msichana. Konda akauliza kama kuna mwingine wa kushuka. Nilimgusa bega. Akatikisa kichwa. "Twende kwanza kwa Remi," akasema. Gari likaondoka.

Kwenye msiba ndipo alipokutana na baba yake. Nanyi wengi mlikuwepo. Restuta alipiga magoti kwenye mchanga akasema, "Shikamoo baba." Kuna watu waliosema mitaani kwamba Mzee alikataa kuitika. Si kweli. Mimi nilikuwa karibu. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Akafungua tena, haikutoka. Tulipokuwa tumeshakata tamaa ndipo tuliposikia, "Marahaba." Hakuongeza neno, na binti hakudai neno.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Leo Mzee Severini ameketi huku, na Restuta ameketi kule, na kati yao kuna viti. Mimi sikupanga viti hivyo na sitavipangua. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ya kufukuzwa sasa ni binti mtu mzima. Aliitwa Digna, jina la bibi yake. Alialikwa. Amesema hayuko tayari, na sisi wenye umri tuna haki gani ya kumharakisha?

Lakini baada ya arobaini, Mzee alikuja kwangu Mkula kwa baiskeli, umri wake huo. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti. Aliniambia ile filamu ionyeshwe Ifakara. Nilimkumbusha neno lake mwenyewe. Nikamuuliza kama anajua humo ndani anaonekanaje. Wasanii wenzangu mnanijua, simpambi mtu.

Akasema, "Nitaonekana nilivyokuwa. Dunia nzima imeniona, Mwalimu, isipokuwa jirani zangu. Nilimnyima mtoto wangu watu wake. Ionyesheni nikiwa bado na macho."

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumezoea kuwasifu watu kwa majengo na kwa barabara, na ni vyema. Mimi leo namsifu mzee huyu kwa jambo ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Kosa lake alilifanya mbele ya familia yake; leo amekubali litazamwe mbele ya wilaya. Wangapi kati yetu, tulioketi hapa na nguo zetu za heshima, tungekubali? Wangapi tuna binti, au mpwa, au mdogo wetu, ambaye jina lake halitajwi mezani?

Na wewe Restuta, mwanangu. Asante kwa kuja. Najua ungeweza kutokuja.

Namshukuru Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya kwa kukubali mwaliko wetu. Nawashukuru Baba Paroko na Shehe, waliokaa pamoja msibani na leo wako pamoja tena. Nawashukuru wauguzi waliomshikia Remigius simu. Nawashukuru vijana wa kikundi, walioyafunga madirisha haya kwa maturubai ili giza lipatikane saa hizi za jua. Na ninamshukuru Remigius, aliyenifanya mama uzeeni.

Filamu haifiki hata dakika ishirini. Ikiisha, nawaomba msiwahi kupiga makofi. Kaeni kidogo. Kuna watu wawili humu ambao hawajawahi kuitazama wakiwa chumba kimoja.

Mimi mmenipa masikio, na nimeshiba. Sasa mpeni Remigius macho. Vijana, zimeni taa.