Sufuria ya Kondoo

Kwenye basi la mtaa wa Harborne, huko ughaibuni, Asmahan alishika simu sikioni bila kuongea na mtu, maana maneno ya kiti cha mbele yalikuwa matamu zaidi. Mzee Lakhbir, Singasinga wa Nakuru, alikuwa akimsifia jirani yake wa kitini mkahawa mdogo wa Wachina wa kaskazini-mashariki: kabichi ya kuchachusha, mabakuli makubwa kama ya kumwogeshea mtoto.

"Na nguruwe?" akauliza Bi Thuwaiba, Mzanzibari mwenye baibui iliyopigwa pasi kama bahasha.

"Nguruwe iko, mama. Lakini kondoo ya halali iko na sufuria yake na mwiko yake. Juzi mpishi alichanganya miko. Hakuna mtu aliona. Akamwaga sufuria yote, tukangoja saa nzima."

"Ikiwa hapana aliyeona, weye umejuaje?"

"Alituambia mwenyewe."

Bi Thuwaiba akanyoosha mkunjo wa baibui usiokuwapo. Asmahan aliijua ishara hiyo. Shangazi zake wote walikuwa nayo, na haikuwa ya kushindwa.

"Hata hivyo, nyumba yenye nguruwe mimi siingii."

Basi likasimama. Bi Thuwaiba akainuka kushuka, kisha akamgeukia mzee.

"Kwani hawafungi chakula, mtu akaondoka nacho?"