Mama Chumvi na Maji ya Kila Jumatatu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye meza ya mapokezi ya hospitali yetu ya macho, dada yetu tunayemwita Mama Chumvi atastaafu rasmi. Wageni waalikwa wajue tu kwamba jina hilo halikutoka jikoni. Limetoka kwenye tangi.

Tangi lenyewe ni zawadi ya mgonjwa aliyepata kuona tena: sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda, na ndani yake maji ya chumvi, samaki, kamba wadogo na matumbawe hai. Liliwekwa ukumbini, mkabala na meza ya mapokezi. Aliyelileta aliacha mfuko wa chumvi ya bahari, akaaga, akaenda zake. Kila mtu alilisifia, lakini hakuna aliyejitolea kulitunza. Mama Chumvi alisema yeye ndiye anayetazamana nalo kutwa, kwa hiyo wameshakuwa majirani, na jirani hatupwi.

Alianza vibaya, na hupenda kulisimulia mwenyewe huku akicheka. Aliona maji yameingia ukungu, akayamwaga yote, akasugua kioo kama anayesugua sufuria, akajaza mapya. Kesho yake matumbawe yalikuwa yamejikunja kama ngumi, na samaki wamejibanza nyuma ya jiwe. Alizunguka na uso wa mfiwa mpaka tukamwonea huruma. Akaulizia kwa wanaojua, akapima, akakosea tena kidogo, hatimaye akaupata mwendo: kila Jumatatu hutoa sehemu moja tu kati ya kumi, akaweka maji mapya yanayolingana na ya zamani kwa chumvi na kwa joto. Tangi lenye samaki wachache, husema, huweza kuvumilia hata wiki mbili. Lililojaa halina subira hiyo.

Daktari wa ganzi, mtani wake mkubwa, aliwahi kumshauri abadilishe maji yote mara moja kwa mwezi ili apumzike. “Kwani wewe huoga mara moja kwa mwezi?” Mama Chumvi akamuuliza mbele ya wagonjwa. Daktari akajibu kuwa inategemea na baridi. Ukumbi mzima ulicheka, hata waliofungwa macho.

Hao waliofungwa macho ndio waliompa bidii. Ilizuka desturi hapa kwetu, bila kikao wala barua: mgonjwa akifunguliwa bandeji, muuguzi humpitisha kwanza mbele ya tangi. Kuna mshonaji mmoja aliyesimama pale, kisha akaanza kubishana. Tulimwambia yule samaki mdogo ni wa manjano. Yeye akashikilia kuwa ni rangi ya ndimu iliyoiva, tena si ndimu yoyote. Alibisha huku machozi yanamtiririka. Mama Chumvi alimwachia ushindi.

Lakini siku ya kukumbukwa kuliko zote ni ile Jumamosi ya harusi ya binti yake. Asubuhi hiyo wapulizaji wa dawa ya wadudu walipita ukumbini na kusahau kufunika tangi. Mlinzi alipoona samaki wanahema juujuu, alimpigia simu Mama Chumvi, ambaye alikuwa ameshavaa na kujipamba, na wakwe wamefika na magari. Alibaki ameshika simu, hajui aelekee wapi. Binti yake ndiye aliyemsukuma: “Nenda, mama. Bwana harusi hatakufa akisubiri.”

Akaenda, na wakwe wakamfuata. Siku hiyo sehemu moja kati ya kumi isingefua dafu. Ilibidi maji yatoke nusu, na baadaye nusu tena. Bahati nzuri hakukosa kamwe pipa la maji yaliyokwisha kuchanganywa. Baba wa bwana harusi, fundi magari, alivua koti, akatia mpira wa maji mdomoni na kuvuta maji kama anavyovuta petroli. Yakamfika kooni. “Jamani, leo nimeinywa bahari!” alisema, akatema, akaendelea. Mkewe alipanga foleni ya ndoo, huku shangazi wa bibi harusi akikoroga chumvi na bangili zake zikilia. Kamba wadogo walikufa wote, hilo hatukuweza kulizuia. Samaki walipona, na siku zilizofuata matumbawe yakafunguka moja baada ya jingine.

Harusi ilichelewa sana. Mama wa bibi harusi aliingia na pindo la gauni limekauka likiwa na mistari myeupe ya chumvi, na ukumbi ukasimama kumpigia vigelegele. Baba mkwe alipopewa nafasi ya kusema, alisema hana wasiwasi na familia waliyoungana nayo. Amewaona wakiwa kazini.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yetu ya kubadilisha maji. Aliyeandika haya, muuguzi wa wodi ya pili, ndiye aliyeshika mpira. Mama Chumvi alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Ndoo ya mwisho ilipomiminwa na samaki wakarudi kuzunguka, alisema tu, “Haya,” akaenda kunywa chai. Alikaa huko mpaka chai ikaisha, na hakurudi kukagua.

Dada yetu, asante kwa kila ndoo na kwa kila mgonjwa uliyempokea kwa jina lake. Nenda ukale ushibe, ukawachekeshe wajukuu, na Jumatatu ulale mpaka jua likuamshe. Maisha yako yawe mema, na yawe marefu.